Moshi wa Baba Mudogo

Tuliambiwa tuchague pikipiki moja kati ya mbili, tukapewa siku tatu za kufikiri. Zilikuwa zimeegeshwa nyuma ya stoo ya shirika moja lililokuwa linafunga mradi wake hapa Nakivale. Karibu na ukuta ilisimama Boxer nyekundu, kiti kimepasuka, tenki limebonyea, sawa na bodaboda zote mnazoziona Base Camp kila siku. Pembeni yake ilikuwa Yamaha AG100 ya zamani, keria mbele, keria nyuma, cheni imefichwa yote ndani ya kifuniko chake, stendi kushoto na stendi kulia. Mlinzi aliipiga kiki ile Yamaha mara nne. Ikawaka, ikatoa moshi wa bluu, na mimi nikawa nimeshachagua. Siku tatu zilizobaki nilizitumia kutafuta sababu.

Kwanza maneno, tusipotezane. Sisi Wakongomani pikipiki tunaiita moto. Nikiandika hivyo, msomaji wa Tanzania atafikiri nyumba ya mtu inaungua, kwa hiyo nitaandika pikipiki. Mafundi wa hapa Uganda wanasema tustroki na fostroki. Nyumbani kwetu walisema kwa Kifaransa. Mimi nitasema mapigo mawili na mapigo manne, na baadaye nitaeleza ni mapigo gani.

Ule moshi niliujua. Baba mudogo, yaani mdogo wake baba, alikuwa anapeleka chanjo vijijini huko Rutshuru, upande wa Jomba, kwenye vilima vilivyo chini ya volkeno ya Sabinyo. Pikipiki yake ilikuwa AG100, hii hii. Herufi za AG zinatokana na neno la Kiingereza la kilimo, kwa sababu Yamaha waliitengeneza kwa ajili ya watu wa mashamba, lakini sisi watoto tulijua kuwa ni pikipiki ya chanjo. Boksi la baridi lilifungwa nyuma kwa mpira, begi la vitabu mbele. Asubuhi kabla ya kuondoka alifungua kifuniko kidogo cha tenki la oili, akachungulia, akafunga, ndipo akanywa chai. Siku za mvua njia ile inakuwa udongo mwekundu unaonata kama ugali, mahali pengine ni mawe ya volkeno yenye makali. Watu wa chukudu waliacha kusukuma viazi vyao, wakakaa pembeni wakisubiri jua. Yeye alipita. Ikizama alishuka, akaikamata kwa keria, akaiinua peke yake.

Aliniambia kitu kimoja nikiwa na miaka 10 hivi. Nilikuwa nimeziba pua kwa sababu ya moshi. Akasema: "Weye mutoto, usiseme ile moshi ni uchafu. Ile ni oili inaungua. Siku moshi inapotea, zima, shuka, uangalie."

Julai 2012 vita vya M23 vilipofika Bunagana tulivuka mpaka. Wengi waliovuka mwaka ule walipelekwa Rwamwanja, sisi tulikuja Nakivale kwa sababu shangazi alikuwa hapa tayari. Baba mudogo hakuvuka. Alikimbilia upande wa Goma, na pikipiki ya chanjo ilichukuliwa na watu wenye bunduki. Kwa hiyo mnielewe. Pale nyuma ya stoo pua yangu ndiyo ilikuwa inafanya kazi, kichwa kilikuja nyuma.

Sasa injini. Wale wanaojua wanivumilie.

Chukua kinu na mchi. Mama anatwanga sombe, na kila mchi ukishuka majani yanapondeka. Hayo ni mapigo mawili. Pistoni inapanda, inabana hewa na petroli, plagi inatoa cheche, pistoni inasukumwa chini. Katika kushuka huko huko moshi unatoka na mchanganyiko mpya unaingia, kupitia matundu yaliyo kwenye ukuta wa silinda. Mzunguko mmoja, mlipuko mmoja.

Mapigo manne ni mama anayetwanga mara moja, halafu mara ya pili anashusha mchi bila kuponda, anavuta pumzi. Pistoni inashuka kuvuta hewa na petroli, inapanda kubana, inashuka kwa nguvu ya mlipuko, inapanda kutoa moshi. Mizunguko miwili, mlipuko mmoja. Na kwa sababu kila kitu kina zamu yake, panahitajika valvu za kufungua na kufunga, na vyuma vya kuziendesha hizo valvu. Injini inakuwa nzito kidogo na ina vitu vingi zaidi ndani.

Hapo unaona kwa nini watu wa njia mbaya wanapenda mapigo mawili. Kwa ukubwa uleule wa silinda inakuwa na nguvu zaidi. Ni nyepesi. Ukifungua mafuta inaruka papo hapo. Fundi anaweza kuifungua chini ya mwembe kwa spana chache, kwa sababu pale juu hakuna karibu kitu.

Lakini chumba cha chini cha injini, ambamo mapigo manne huhifadhi oili yake kama maji ndani ya mtungi, katika mapigo mawili ndimo petroli na hewa zinapopita kabla ya kupanda juu. Huwezi kuhifadhi oili mahali panapopita petroli. Kwa hiyo oili inasafiri pamoja na petroli, inalainisha pistoni na beringi, kisha inaungua na kutoka nje. Ndiyo ule moshi wa bluu. Pia sehemu ya petroli mpya hutoroka na moshi kabla haijaungua, na ndiyo maana pikipiki hizi zina kiu. Yamaha waliipa AG100 tenki dogo la oili na pampu inayopima yenyewe, ndilo lile tenki ambalo baba mudogo alilichungulia kila asubuhi. Ile ya kwetu pampu ilikuwa imekufa, na mtu fulani kabla yetu aliiziba. Kwa hiyo kila lita ya petroli ilibidi tuichanganye wenyewe kwa mkono.

Haya yote niliyajua siku ya kupiga kura. Sitaki mseme sikujua.

Kikundi chetu kilikuwa na vijana 14. Mimi ndiye mhamasishaji, nalipwa ile posho ndogo mnayoijua. Pikipiki tulitaka itufikishe kwenye vijiji vya mbali vya Rubondo na Juru kwa mikutano ya vijana, ibebe mbegu na mipira na madaftari, na usiku ikibidi ibebe mgonjwa. Kulikuwa na kijana mmoja Mzungu wa lojistiki, mtu mwema, ambaye kwao anaendesha motokrosi siku za Jumapili. Huyo alinipa silaha. Alinieleza jinsi zamani mashindano yale yalivyotawaliwa na mapigo mawili, hadi mwaka 1997 Yamaha walipoleta ya mapigo manne na Doug Henry akashinda nayo Las Vegas. Mwaka uliofuata YZ400F ikauzwa madukani. Akasema sheria zilizibeba zile za mapigo manne, zikaruhusiwa silinda kubwa zaidi, hata leo 450 inashindana mahali palipokuwa pa 250. Na akasema kwenye yale mashindano magumu kabisa ya kupanda miamba, kama Erzberg kule Austria, wengi bado wanachukua mapigo mawili. Alinionyesha video. Watu wanapanda ukuta wa mawe, jamani.

Nilikaa na simu usiku mzima nikisoma. Nilisoma pia kwamba mshindi wa kwanza wa Paris–Dakar kwa pikipiki, mwaka 1979, Cyril Neveu, alikuwa juu ya Yamaha XT500, mapigo manne. Jangwa lote lile. Hiyo sikuwaambia wenzangu.

Kwenye mkutano nilisema vizuri. Mimi kusema najua, ndiyo kazi yangu. Nilisimulia Jomba, nikasimulia matope, nikasimulia boksi la chanjo. Kuna waliotokwa na machozi, kwa sababu wengi wetu tumetoka vilima vilevile. Katibu wetu, dada mmoja wa Masisi asiyependa hadithi ndefu, alisubiri nimalize, akauliza swali moja tu:

"Saa saba ya usiku, oili ya tustroki nani anauza?"

Nikamjibu kwamba tutakuwa tunaweka akiba. Akauliza tena: "Na nani atakuwa anaangalia kama akiba iko?" Nikasema sote. Akaandika kwenye daftari lake. Tulipiga kura, 8 kwa 6, tukachukua Yamaha. Boxer ikaenda kwa kikundi kingine.

Miezi ya kwanza ilinipa haki, au nilifikiri hivyo. Mvua za Machi zilianza na ile barabara nyekundu ikageuka sabuni. Siku moja kwenye mpando mmoja nilipita Boxer tatu zimelala, wenyewe wamekaa kwenye majani wanavuta sigara. Nikapiga honi. Kusema kweli zile zilikuwa tairi kuliko injini: Yamaha yetu ilikuwa na tairi za meno na Boxer zile zilikuwa na tairi za barabara, zimekwisha, laini kama kipara. Ukimvalisha Boxer tairi za meno naye atapanda. Lakini wakati ule sikutaka kulifikiria hilo. Nilikuwa nasikia ile sauti ya nyuki mkubwa, nanusa ule moshi, na kwa dakika chache sikuwa mkimbizi wa mahali popote.

Matatizo yalianza polepole. Watu watano walikuwa na ruhusa ya kuendesha, na kila mmoja alichanganya kwa imani yake. Mmoja aliogopa injini isikauke, akamwaga oili nyingi, plagi ikalowa nyeusi na pikipiki ikagoma kuwaka mbele ya wageni. Mwingine alikosa oili yenyewe akaweka ile ya bodaboda, oili ya injini ya mapigo manne, kwa kuwa zote ni oili. Hiyo haikutengenezwa kuungua na petroli, inaacha masizi. Wa tatu alishuka vilima akiwa amefunga mafuta kabisa, kama wanavyofanya watu wa Boxer. Injini ya mapigo manne ukifunga mafuta kwenye mteremko inakushikia kasi vizuri. Ya mapigo mawili inakushika kidogo sana. Tena oili inakuja na petroli, ukifunga petroli umefunga na oili, wakati pistoni bado inakimbia. Baba mudogo kwenye mteremko mrefu alikuwa anafungua kidogo, anafunga, anafungua, kama mtu anayelisha mtoto. Niliwaeleza. Walitikisa kichwa.

Basi nikaleta sheria. Nilitafuta kile kikombe kidogo cha plastiki kinachokuja na dawa ya maji ya watoto, chenye kipimo cha mililita 10, nikakitoboa, nikakifunga kwa kamba pamoja na ufunguo. Vikombe 4 kwa lita 1 ya petroli. Yeyote anayechukua ufunguo anachukua na kikombe. Nilijisifu kwa hiyo akili. Hata yule Mzungu alikipiga picha.

Usiku wenyewe ulikuwa wa Novemba. Mama mmoja jirani aligonga mlango kama saa saba, mtoto mgongoni, miaka miwili hivi, anachemka. Alisema: "Papa, mutoto anakauka." Degedege. Ambulansi ya kituo ilikuwa imekwenda na mgonjwa mwingine. Kutoka kwetu hadi kituo cha afya ni kilomita kama 9, na katikati kuna vilima viwili.

Ufunguo ulikuwa kwangu. Kikombe kilikuwepo, kinaning'inia. Nilifungua tenki nikamulika kwa simu, chini kulikuwa na petroli kidogo tu. Nilimwamsha kijana anayeuza petroli kwenye chupa za soda, nikachukua lita moja. Nikashika chupa ya oili. Ilikuwa tupu. Nani aliimaliza sijui, na haina maana kujua, kwa kuwa kwenye ule mkutano mimi ndiye niliyesema tutaangalia sote.

Nilisimama pale labda nusu dakika. Nilijiambia kwamba ndani ya tenki kuna ya zamani iliyochanganywa, itatosha kusaidia hii mpya. Nilijiambia kilomita 9 tu. Mama alikuwa ameshapanda nyuma. Nikamimina.

Kilima cha kwanza tulipanda gia ya pili, injini inalia juu, watu wawili na nusu juu ya silinda ndogo. Tukashuka. Kilima cha pili kilipoanza nilihisi kitu ambacho sikukitambua mara moja, na nimekifikiria mara nyingi tangu siku ile. Sikunusa kitu. Upepo ulikuwa unatoka nyuma yetu, ungenileta moshi usoni, na pua yangu ilileta vumbi na majani tu. Moshi kwa macho huwezi kuuona gizani. Baba mudogo aliniambia zima, shuka, uangalie. Mtoto alikuwa anatetemeka mgongoni kwangu, katikati yangu na mama yake. Sikuzima.

Sauti ilipanda juu, nyembamba, kisha pistoni ikashika silinda. Asiyewahi kuona asidhani injini inazimika tu kama petroli ikiisha. Gurudumu la nyuma linafungwa palepale, kama mtu ameingiza chuma. Nilivuta klachi, nikachelewa. Tulikwenda upande, tukaingia kwenye majani. Mama yule alianguka kwa mgongo, mikono juu, mtoto hakugusa chini. Alichubuka kiwiko na nyonga. Mimi nilichomeka mguu kwenye ekzosi, alama ninayo.

Tulitembea. Nilibeba mtoto, tukibadilishana. Tulipofika karibu na nyumba za Warundi kijana mmoja alitoka na baiskeli, akamweka mama kwenye keria na mtoto kifuani, mimi nikakimbia nyuma yao nikisukuma. Ilikuwa malaria. Walimtundikia dawa. Muuguzi aliniuliza kwa nini tumechelewa nikasema pikipiki imeharibika, na neno hilo lilitoka kwa urahisi kabisa, kana kwamba pikipiki ndiyo iliyoamua.

Mtoto alipona. Leo anakimbia uwanjani, ananiita tonton. Mama yake ananisalimu vizuri, ananipa mahindi msimu wa mahindi, lakini hajawahi kupanda tena nyuma yangu, hata kwenda sokoni.

Fundi wetu, mzee mmoja Mrundi anayefanya kazi chini ya mwembe, aliifungua injini siku mbili baadaye. Pistoni ilikuwa imechanika mistari upande mmoja, ringi zimenasa ndani ya mifereji yake. Hakusema kitu. Alinipa pistoni niishike. Silinda ilihitaji kupanuliwa na pistoni kubwa zaidi ya saizi. Hapa hakuna. Mbarara walituonyesha pistoni za Boxer na TVS, ukuta mzima umejaa, unachagua kama nyanya. Ya AG100 ilibidi iagizwe Kampala, ikaja si yenyewe, ikarudishwa, ikaja tena. Pesa za mradi wa mbegu ziliingia humo. Miezi miwili na nusu tulikwenda Rubondo kwa miguu.

Hapo ndipo nilianza kuelewa swali la katibu. Mimi nilikuwa nabishana kuhusu nguvu na uzito na matope, na katika hayo yote sikusema uongo mkubwa. Yeye alikuwa anauliza kuhusu mikono. Pikipiki ya mapigo mawili inataka mtu mmoja anayeijua, anayeamka nayo na kulala nayo, anayesikia ikibadilisha sauti. Kwa yule Mzungu ni ya Jumapili, ina sanduku lake la vifaa na duka karibu. Kwa baba mudogo ilikuwa kama mke wa pili. Yetu ilikuwa na watu watano, na nyuma ya hao watano vijana 14, na kitu cha watu 14 usiku kinakuwa hakina mwenyewe. Mapigo manne nayo hufa ikikosa oili, msidanganywe. Lakini oili yake imo ndani, inabaki mle leo na kesho. Mtu akisahau leo, kesho mwingine anaweza kukumbuka. Ile nyingine ukisahau lita moja, imekwisha.

Ninyi mnaofanya kazi na mashirika, siku mkitoa pikipiki au jenereta au pampu ya maji kwa kikundi, ulizeni swali la dada yule. Msiishie kwenye kuuliza "mnapenda ipi".

Nilichukua muda mrefu kabla ya kumwambia baba mudogo. Yuko Goma, mtandao unapopatikana tunaongea. Nilimweleza yote, pamoja na chupa tupu. Nilidhani atakasirika kuhusu pistoni. Alicheka kwanza kusikia kwamba AG100 bado zipo. Halafu akauliza kama mtoto alipona. Halafu akanyamaza mpaka nikadhani laini imekatika.

"Weye ulichagua moto yangu," akasema. "Haukuchagua moto yenu."

Kisha akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulijua. Mwaka wa mwisho kabla ya vita, yeye mwenyewe aliomba abadilishiwe, apewe ya mapigo manne. Mgongo ulikuwa umechoka na petroli ilikuwa inamaliza bajeti ya kituo. Walimjibu asubiri.

Yamaha ilipopona tuliamua kuiuza. Safari hii mkutano ulikuwa mfupi, mimi sikuomba neno. Aliinunua mfugaji mmoja Mganda mwenye ng'ombe wa pembe ndefu upande wa ziwa. Pesa zake, na michango ya miezi sita, zikatupatia Boxer iliyotumika. Nisiisifu kupita kiasi. Kwenye kilima cha pili ukiwa na mtu nyuma inapanda kama mzee anayekwenda mahakamani. Ikilala kwenye mfereji nashindwa kuiinua peke yangu. Valvu zinataka kurekebishwa na si kila fundi anajua kipimo. Lakini plagi, kebo za klachi, kila kitu kipo Base Camp, na petroli tunayoweka ni petroli tu. Tumeivalisha tairi za meno nyuma. Imebeba akina mama watatu waliokuwa na uchungu, na kijana mmoja aliyeumwa na nyoka. Yule mama jirani bado anatembea.

Mfugaji anapita barabara yetu alfajiri na madumu ya maziwa, moja mbele, moja nyuma. Anaendesha peke yake, hata mwanawe hamruhusu kuigusa. Nasikia kutoka kitandani, ile sauti ya nyuki, haijabadilika. Akishapita natoka nje nasimama mlangoni. Moshi wa bluu unakaa kidogo kwenye baridi ya asubuhi kabla ya kupotea.

Boxer inabadilishwa oili Jumamosi hii. Daftari liko kwa katibu, na zamu ni yangu.